Marafiki watano kuelekea Bolivia: anzeni chini, mpande taratibu

SWALI: Shikamoo. Sisi ni marafiki watano. Watatu tuko Arusha, mmoja Nairobi na mwingine anafanya kazi Dubai. Mwezi wa saba tunataka kuzunguka Bolivia kwa wiki tatu, mabegi mgongoni, bila wakala. Wanne kati yetu tumeshafika kilele cha Uhuru. Tumepanga kutua La Paz, tupumzike siku mbili, tupande mlima Huayna Potosí tukiwa bado na nguvu, kisha twende Uyuni na kwingineko. Je, ratiba hii inafaa? Na tufanyeje ili turudi tukiwa bado marafiki?

JIBU: Marahaba. Nchi mmeichagua vizuri, na mwezi pia, maana kuanzia Mei hadi Septemba kule ni kiangazi na njia za milimani ni kavu. Ila ratiba yenu igeuzeni juu chini. Safari ianzie Santa Cruz, mashariki, kwenye joto. La Paz ije katikati. Huayna Potosí ije mwisho kabisa, na kwa wale tu watakaokuwa bado wanautaka.

Uwanja wa ndege wa La Paz uko El Alto, zaidi ya mita 4,000 juu ya usawa wa bahari, na katikati ya jiji ni kama mita 3,640. Kwa mtu aliyepanda Kilimanjaro kwa njia ya Marangu hesabu hii haihitaji maelezo marefu: kituo cha kulala cha Mandara ni mita 2,720, Horombo 3,720, Kibo 4,720. Kutua El Alto ni kushushwa juu ya Horombo bila kulala Mandara hata usiku mmoja. Kwenye mwinuko wa La Paz mgandamizo wa hewa ni karibu theluthi mbili ya ule wa Dar es Salaam au Mombasa, kwa hiyo kila pumzi inaingiza karibu theluthi mbili tu ya oksijeni mliyoizoea pwani. Mwili unaweza kuzoea. Unaongeza kasi ya kupumua, figo zinarekebisha kemia ya damu, na baadaye damu yenyewe inabadilika. Lakini kazi hiyo inachukua siku na wiki, na siku mbili za kukaa hotelini hazitoshi kumwandaa mtu kwa kilele cha mita 6,088.

Najua mtasema mmeshafika mita 5,895. Nawapongeza, ila mazoea ya mwinuko hayawekwi akiba. Mkishuka, ndani ya wiki chache mwili unarudi ulikokuwa. Kinachobaki ni habari kuhusu ninyi wenyewe, nayo ni ya thamani: aliyeumwa vibaya Kilimanjaro ana uwezekano mkubwa wa kuumwa tena kwenye milima ya Andes. Kwa hiyo kabla ya kukata tiketi kaeni wote watano, kila mmoja aseme kweli alivyokuwa usiku wa Kibo au wa kambi ya Barafu. Nani alitapika, nani alipepesuka, nani alishikwa mkono na kiongozi kuanzia Stella Point. Na yule wa tano ambaye hajapanda msimhesabu mapema kuwa mzigo. Nguvu za mazoezi hazimkingi mtu na ugonjwa wa mwinuko. Nimeona wakimbiaji wakilala chini huku shangazi mwenye kitambi anakunywa supu.

Tofauti nyingine ni muda. Kilimanjaro unapanda, unashuka, na ndani ya wiki umelala Moshi. Bolivia mtaishi siku nyingi kwenye usawa wa Horombo au zaidi. Usingizi unakuwa mwepesi, hamu ya kula inapungua, na usiku mtamsikia mwenzenu anaacha kupumua kwa sekunde kadhaa, kisha anavuta pumzi ndefu kama aliyeibuka majini. Hilo ni la kawaida kwenye mwinuko, msimwamshe kwa hofu. Ila mtu asiyelala vizuri siku nne mfululizo anakasirishwa na kijiko. Ndiyo maana maswali yako mawili nayaona kama moja. Ugomvi mwingi niliousuluhisha milimani ulianzia kwenye ratiba iliyopandisha watu haraka kuliko miili yao ilivyoweza. Ratiba ikifuata mwili wa yule anayezoea polepole kuliko wote, nusu ya ugomvi haizaliwi.

Sasa njia yenyewe. Kutoka Afrika Mashariki njia nyepesi ni kupitia São Paulo, ambako Ethiopian inaruka kutoka Addis Ababa, na kutoka São Paulo kuna ndege za kwenda Santa Cruz de la Sierra. Mji huo uko mita 400 na kitu tu. Lalani hapo usiku mmoja au miwili, mmalize uchovu wa safari. Kisha pandeni hadi Sucre, mita 2,800 hivi, na mkae usiku nne. Najua nne zinaonekana nyingi. Ni mji wa kuta nyeupe, wenye soko zuri na bei za wastani, na kinachonifanya niupende kwa kazi hii ni milima iliyo nyuma yake, Cordillera de los Frailes. Siku ya tatu pandeni gari asubuhi hadi kanisa dogo la Chataquila, takriban mita 3,600, mteremke kwa miguu kwenye njia ya mawe ya kale. Mwili unaonja mwinuko mchana na kupumzika chini usiku. Ni ile ile kanuni ya kupanda juu na kulala chini mnayoijua kutoka Lava Tower na Barranco kule Kilimanjaro.

Kutoka Sucre basi la kwenda Uyuni hupita Potosí, mita 4,090. Shukeni mchana, mtembelee Casa de la Moneda, jumba lililokuwa likipiga sarafu za fedha za ufalme wa Hispania, kisha jioni mwendelee na safari. Msilale Potosí. Kutoka Sucre hadi huko ni kuruka karibu mita 1,300 kwa siku moja, wakati kanuni inayotumiwa na madaktari wa milima ni kwamba ukishapita mita 3,000 usipandishe mahali pa kulala zaidi ya mita 500 kwa usiku, na kila baada ya siku tatu au nne ulale palepale usiku wa ziada. Njia hii yangu nayo inaivuka kanuni kidogo kati ya Sucre na Uyuni, na ndiyo sababu nadai zile usiku nne. Ziara za kuingia ndani ya migodi ya Cerro Rico, mlima ulio hapo Potosí, mtauziwa kila kona. Mimi sipeleki watu. Kuna vumbi la mawe linaloharibu mapafu, hewa ni finyu, na waliomo mle wako kazini, wanahatarisha maisha yao kwa ujira mdogo.

Uyuni iko karibu mita 3,670. Hapo mtakodi gari la kuzunguka uwanda wa chumvi, Salar de Uyuni, na maziwa ya kusini kwa siku tatu. Magari haya kwa kawaida hubeba abiria sita, kwa hiyo ninyi watano ama mtapewa mgeni mmoja au mtalipia kiti kitupu. Lipieni kiti, mkiweza. Kabla ya kutoa pesa ombeni kuliona gari na dereva: mikanda ipo, matairi mawili ya akiba yapo, mtungi wa oksijeni una kitu ndani, na dereva hanuki pombe. Sisitizeni usiku wa kwanza mlale kandokando ya chumvi, na wa pili tu ndio uwe kule juu karibu na Laguna Colorada, takriban mita 4,300. Asubuhi ya tatu mtapita kwenye mabwawa ya tope linalochemka ya Sol de Mañana, karibu mita 4,900, kabla ya jua kuchomoza. Mwezi wa saba baridi ya usiku huko inaweza kufika nyuzi 20 chini ya sifuri, na vibanda vingi havina moto. Mfuko mzito wa kulalia hukodishwa hapo Uyuni. Msijaribu kuokoa pesa kwenye hilo.

Salar de Uyuni ina zaidi ya kilomita za mraba 10,000 za chumvi tupu, na jua linakupiga kutoka juu na kutoka chini. Ngozi nyeusi nayo inaungua: chini ya kidevu, ndani ya pua, kwenye midomo. Miwani iwe ile inayozuia mionzi kikamilifu na kuziba pembeni, si ya urembo. Macho yaliyochomwa na mwanga hayaumi papo hapo. Yanaanza usiku, na unahisi kama umetiwa mchanga. Na mkifika Laguna Colorada, ninyi mnaoishi karibu na ziwa Natron mtashangaa: maji mekundu, flamingo wa rangi ya waridi, ukungu wa asubuhi. Ni ndugu wa heroe wetu, ila hawa wanaishi kwenye mwinuko wa juu kuliko Horombo.

Hapo ndipo muingie La Paz, mkiwa mmeshazoea. Pandeni magari ya kamba yanayounganisha jiji na El Alto, yaliyoanza kazi 2014. Ni usafiri wa kila siku wa wakazi, bei yake ni ndogo, na hakuna njia bora ya kuuona mji. Kisha chukueni mabegi yenu mwende El Choro. Njia hii inaanzia La Cumbre, mita 4,650 hivi, inapanda kidogo hadi mlangoni pa bonde, kisha inateremka siku tatu kwenye mawe yaliyopangwa kabla Wahispania hawajafika, kutoka nyasi zilizoganda hadi migomba. Usiku wa kwanza mnalala chini ya mita 3,000 na usingizi unarudi wote. Shida yake ni magoti. Mnateremka zaidi ya mita 3,000, mawe yana ukungu na utelezi, na begi liko mgongoni mwako mwenyewe.

Hilo la begi ndilo litakalowashtua kuliko hewa. Kilimanjaro mlibeba maji na koti. Wapagazi walibeba hema, jiko, chakula na viti. El Choro kila mmoja atakuwa na kilo 12 hadi 15. Kama mna miezi minne, anzeni sasa. Nendeni Lushoto, mtembee hadi Mtae mkiwa na mzigo kamili, wote watano, na yule wa Dubai akija likizo. Siku tatu za Usambara zitawafundisha mambo mawili: begi la nani limejaa vitu visivyo na kazi, na nani kati yenu hapendi kusubiri wenzake.

El Choro inaishia karibu na Coroico, katika bonde la Yungas, na hapo nawaomba mtoe siku moja kwenda Tocaña. Ni kijiji cha Wabolivia wenye asili ya Afrika. Mababu zao walichukuliwa utumwani na kupelekwa Potosí, wengine kwenye jumba lile lile la sarafu mtakalokuwa mmelitembelea, na vizazi vya baadaye vikawa kwenye mashamba ya koka ya Yungas. Utumwa ulifutwa 1851, lakini kufanya kazi bila ujira kwenye mashamba ya mabwana kuliendelea hadi mapinduzi ya 1952 na mageuzi ya ardhi yaliyofuata. Katiba ya 2009 ndiyo iliyowataja rasmi kuwa moja ya watu wa taifa hilo. Ngoma yao inaitwa saya, kiongozi anaimba na kundi linaitikia. Nendeni kama wageni wanaobisha hodi, mlipie chakula na mwongozo wa mwenyeji, na msipige picha kabla ya kuomba. Katika nchi nzima hapo ndipo nilipopokelewa kama ndugu aliyechelewa.

Sasa yanayohusu afya, na haya someni mara mbili, maana vitabu vingi vya safari vimeandikwa kwa watu wasio na damu yetu wala magonjwa yetu.

La kwanza ni selimundu. Mwenye ugonjwa huo asiende kwenye mwinuko huu. Lakini hata mtu aliyerithi kinasaba kimoja tu, ambaye ni mzima kabisa na huenda hajui, anaweza kwenye mwinuko kupata tatizo la bandama: maumivu makali juu ya tumbo upande wa kushoto, chini ya mbavu, wakati mwingine na kichefuchefu na maumivu ya bega. Kwetu wenye kinasaba hicho ni wengi. Pimeni kabla ya kuondoka, kipimo ni cha damu tu. Mwenye nacho azungumze na daktari, na wenzake wote wajue, ili siku akishika ubavu wa kushoto asiambiwe ni gesi. Ashushwe na apelekwe hospitali siku hiyo hiyo.

La pili ni malaria. Ugonjwa wa mwinuko unaleta kichwa kuuma, kichefuchefu, uchovu na kukosa usingizi. Homa kali si kawaida yake. Ukitoka Arusha au Nairobi leo, wiki moja au mbili baadaye uko Uyuni unatetemeka na joto liko juu, fikiria malaria uliyotoka nayo nyumbani. Daktari wa nyanda za juu za Bolivia hakutani nayo mara kwa mara na anaweza kukutibu kama mgonjwa wa mwinuko. Mwambie umetoka Afrika Mashariki, na bebeni vipimo vya haraka pamoja na dozi kamili mliyoandikiwa na daktari.

Dalili za hatari za mwinuko mnazijua, ila nazirudia: mtu anayehema akiwa amekaa, anayekohoa povu, anayepepesuka kama mlevi, anayejibu vitu visivyoeleweka. Mwambieni atembee kwenye mstari, kisigino kwa kidole. Akishindwa, anashuka sasa hivi, hata kama ni saa nane usiku, na hashuki peke yake. Dawa ya Diamox inasaidia mwili kuzoea, lakini zungumzeni na daktari kwanza, hasa mwenye mzio wa dawa za salfa, na ijaribuni nyumbani kabla ya safari. Vidonge vinavyouzwa kule kila duka kwa jina la sorojchi vina aspirini na kafeini. Vinatuliza kichwa, haviharakishi mazoea, kwa hiyo aliyemeza asidhani amepata ruhusa ya kuendelea kupanda.

Majani ya koka ni halali Bolivia na chai yake mtaipewa kila nyumba. Wewe wa Arusha kunywa ukipenda. Rafiki yako wa Dubai asiguse kabisa, hata kikombe kimoja. Chai hiyo inaweza kuonekana kwenye kipimo cha mkojo kama kokeini, na sheria za Ghuba hazina mzaha. Na yeyote kati yenu asibebe hata jani moja kuvuka mpaka, wala pakiti ya chai iliyosahaulika mfukoni. Siku ya mwisho kaguaneni mabegi.

Kuhusu urafiki, mengi nimeshayasema, kwa hiyo nitaongeza matatu tu. Pesa za pamoja ziwe kwenye mfuko mmoja, kila mtu atie kiasi sawa, na mtunza mfuko abadilike kila wiki. Chakula, vyumba na magari vitoke humo, bia na zawadi kila mtu ajitegemee. Pili, mkubaliane mkiwa bado nyumbani kwamba mtu yeyote akisema "leo sipandi", hakuna anayemuuliza kwa nini wala kumpigia kura. Tatu, tembeeni nyuma ya aliye taratibu. Mkimwacha nyuma mkamngoja juu ya kilima, akifika ninyi mmepumzika na mnaondoka, yeye hajapumzika hata dakika. Fanyeni hivyo siku mbili tu, hamtakuwa na rafiki tena, mtakuwa na mgonjwa mwenye kinyongo.

Huayna Potosí basi. Mtaambiwa ni mlima rahisi kuliko yote ya mita 6,000. Labda, kwa wanaojua barafu. Kilimanjaro mlitembea. Hapa mtavaa meno ya chuma viatuni, mtashika shoka la barafu, na mtafungwa kamba na mwongozaji, kwa kawaida wapandaji wawili kwa mmoja. Hapo ndipo marafiki huumizana: mkiwa kamba moja na mmoja akishindwa, mwenzake anarudi naye, hata kama amebakiza saa moja. Kwa hiyo pangeni kamba kwa kufanana kwa mwendo, si kwa mapenzi, na wawili wa kamba moja waambiane ana kwa ana kabla ya kulala kambi ya juu: nikirudi, unarudi. Asiyeweza kulikubali hilo bila kununa abaki La Paz ale supu ya karanga. Chukueni mwongozaji mwenye cheti cha chama cha waongozaji wa milima na safari ya siku tatu, siku ya kwanza ikiwa ya kujifunza barafu. Ile ya siku mbili muiache.

Mwisho, mipango. Kuanzia 2023 dola ziliadimika Bolivia na bei ya mtaani ikaachana na ile rasmi, kwa hiyo bebeni noti za dola safi zisizokunjwa, na ulizeni bei zote mbili kabla ya kubadilisha. Njia kuu hufungwa mara kwa mara na waandamanaji wanaoweka mawe na magogo barabarani, wakati mwingine kwa siku kadhaa. Msibishane nao wala kujaribu kupenya usiku. Wekeni siku mbili tupu kabla ya ndege ya kurudi, na bima iwe inayotaja kwa maandishi mwinuko mtakaofika na gharama za kuokolewa, maana nyingi zina kikomo cha mwinuko. Kadi ya chanjo ya homa ya manjano kila mtu awe nayo mkononi, ichomwe angalau siku kumi kabla ya kuondoka. Viza zinafuata pasipoti, na ninyi huenda mna pasipoti za nchi tofauti: kila mmoja aulize ubalozi unaohusika na nchi yake, kwa Bolivia na kwa Brazil mtakapopita, na majibu yapatikane kabla hamjalipia tiketi hata moja.